Sura ya Tano: Lita Nne kwa Siku

Tuanze na hesabu ya maji, maana kila familia inayohamia baharini huanza nayo, ipende isipende. Chukua mashua ya tanga ya mita 12, ya faiba, yenye mlingoti mmoja, vyumba viwili vya kulala na jiko dogo katikati. Familia nyingi za Ulaya, Marekani na Australia zinazouza nyumba na kwenda kuishi juu ya maji hununua chombo cha ukubwa huo. Tuseme tangi lake la maji matamu linabeba lita 400. Ndani wamo watu wanne: baba, mama na watoto wawili. Wanang'oa nanga visiwa vya Galapagos kwenda visiwa vya Marquesas, kiasi cha maili za baharini 3,000. Kwa mwendo wa noti 5 mchana na usiku, wanakata maili 120 kwa siku. Hizo ni siku 25 bila kuona hata jabali. Gawanya lita 400 kwa siku 25, kisha kwa watu wanne. Kila mmoja ana lita 4 kwa siku, za kunywa, kupikia, kupigia mswaki na kila shida nyingine.

Mkazi wa Kisauni au Mbagala anayenunua maji kwa madumu ataielewa hesabu hii bila kushika kalamu. Ni madumu 20 ya lita 20 kwa familia nzima, kwa karibu mwezi mzima, na mwenye mkokoteni hapiti. Aliyekulia London atahitaji muda kidogo, kwa kuwa bomba la bafuni kwao lilikuwa likimwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika, naye akiimba chini yake.

Basi maji ya chumvi ndiyo hufanya kazi kubwa. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari yaliyotekwa kwa ndoo, kisha husuuzwa kwa maji matamu kutoka chupa ya kupulizia, mipulizo miwili kwa sahani, mmoja kwa kijiko. Viazi huchemshwa kwa theluthi moja ya maji ya bahari na theluthi mbili ya maji matamu, hivyo chumvi haiongezwi tena. Kuoga ni ndoo ya bahari sitahani, na shampuu badala ya sabuni ya mche, kwa sababu sabuni ya kawaida haitoi povu kwenye maji ya chumvi. Mwisho ni kikombe au viwili vya maji matamu kuanzia utosini. Ukikosa kikombe hicho, chumvi hukaukia mwilini na kuwasha usiku kucha. Nguo zilizofuliwa kwa maji ya bahari nazo hazikauki hasa. Chumvi iliyobaki kwenye uzi huvuta unyevu wa hewa, na shati lililokuwa kavu adhuhuri huwa chepechepe magharibi.

Siku hizi wapo wenye mtambo wa kuchuja chumvi. Mtambo huo huyasukuma maji ya bahari kupita kwenye utando mwembamba kwa shinikizo kubwa sana, zaidi ya mara 50 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na chumvi ikabaki upande wa pili. Ni kitu cha maana sana. Lakini unakula umeme, utando wake huharibiwa na mafuta yanayoelea bandarini, na una desturi ya kugoma mahali ambapo fundi wa karibu yuko umbali wa wiki mbili. Mwenye busara huufurahia na bado hupiga ile hesabu ya lita 4.

Nimeanza na maji kwa sababu watu wa nchi kavu, wakisikia kuna familia inaishi mashuani, huuliza habari za dhoruba. Dhoruba zipo, lakini zinakuja kwa nadra, na msafiri makini huzikwepa kwa kufuata misimu: haendi Karibea kati ya Juni na Novemba wakati wa vimbunga vyao, wala hazungukizunguki Pasifiki ya Kusini kati ya Novemba na Aprili. Kwa maoni yangu, familia nyingi zinazorudi nchi kavu hurudishwa na mambo ya nyumbani: maji, usingizi, choo, hela, na kukosa mlango wa kutokea pale mume na mke wanapokasirikiana.

Ingia jikoni uone. Jiko la mashua ya safari ndefu halikufungwa sakafuni. Limening'inizwa kwenye vyuma viwili, kimoja kila ubavu, ili chombo kikilala upande jiko libaki wima. Mpishi haning'inizwi. Yeye hujifunga mkanda unaomshikilia asije akarushwa upande wa pili, hutanua miguu, na hupika kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika nguzo, sakafu ikiwa imeinama kama paa la makuti. Sufuria ipendwayo ni ile ya kupikia kwa mvuke yenye mfuniko wa kufunga kwa kufuli, hata kama hakuna haja ya mvuke, kwa sababu ikianguka wali haumwagiki. Wapishi wazoefu huvaa suruali nzito ya mvua hata kwenye joto la ikweta, kwani uji wa moto ukimwagika mapajani katikati ya bahari hakuna zahanati. Kisha kuna gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nchi kavu hutoka mlangoni, lakini ikivuja mashuani huteremka hadi ngamani, chini kabisa, na kukaa huko ikingoja cheche. Ndiyo maana mtungi huwekwa kwenye kijisanduku cha nje chenye tundu la kutolea gesi baharini, na ndiyo maana mtoto wa miaka sita wa mashuani anajua kufunga valvu ya gesi kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Chakula chenyewe kina elimu yake. Mayai yasiyooshwa wala kuwekwa kwenye friji hudumu wiki kadhaa iwapo utayageuza mara kwa mara. Kabichi na vitunguu husafiri vizuri kuliko mboga nyingine yoyote. Mkungu wa ndizi mbichi ukiufunga nyuma ya chombo unapendeza sana kwa wiki moja, kisha zote huiva siku moja, na familia hula ndizi asubuhi, mchana na jioni mpaka watoto waanze kulia. Maboksi ya karatasi hayaingii ndani, kwa sababu mende hutaga mayai kwenye mikunjo yake. Mungu akijalia, ndoano iliyoachwa ikiburuzwa nyuma hunasa faulusi au jodari, na siku hiyo hakuna anayelalamikia maisha.

Choo nitakieleza kwa kifupi, ingawa wenyewe hawakielezi kwa kifupi. Kina pampu ya mkono, na kila haja inadai mapigo kadhaa ya pampu. Bomba lake ni jembamba, na mkojo ukikutana na maji ya bahari hujenga ukoko mgumu wa chokaa unaolibana zaidi mwaka hadi mwaka. Sheria iliyoenea ni kwamba kisichopita kinywani kwanza kisitiwe chooni. Mgeni mmoja asiyesikia, kipande kimoja cha pamba, na mtu mzima anatumia asubuhi yake amepiga magoti kwenye chumba kisichozidi kabati, akifungua skrubu huku chombo kinayumba. Nani hupiga magoti hayo? Swali hilo limeleta ugomvi mkubwa kuliko mawimbi yoyote.

Usingizi nao ni mali. Katikati ya bahari hakuna kutia nanga. Chombo huenda usiku kucha na lazima mtu awe macho. Taa za meli kubwa ya makontena zikichomoza kwenye upeo wa macho, dakika 20 hivi zinatosha kuifikisha hapo ulipo. Kuna usukani wa kuendeshwa na upepo unaoshika njia, na kuna kifaa cha redio kinachoonyesha meli zilizo karibu, lakini macho hayana mbadala. Kwa hiyo baba na mama hugawana zamu: mmoja saa 2 usiku hadi saa 5, mwenziwe saa 5 hadi saa 8, kisha yule wa kwanza tena mpaka saa 11 alfajiri. Wakipokezana nafasi kila usiku, hesabu inaonekana ya haki kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba saa 12 asubuhi watoto wanaamka wakiwa wamelala vizuri, wana njaa, na wana maswali. Wazazi wanaopishana zamu hukutana dakika chache mlangoni, mmoja akivua koti la mvua na mwingine akilivaa, na wiki nzima inaweza kupita bila kuzungumza jambo lolote isipokuwa upepo.

Mabaharia wetu wa pwani walikuwa na jibu lao: familia ilibaki nyumbani. Nahodha wa jahazi alisafiri na wanaume, akafuata kaskazi kuja na kusi kurudi, na mke alimngoja Lamu, Pemba au Sur. Alan Villiers, Mwaustralia aliyepanda bumu la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939 kutoka Aden kuja Zanzibar na delta ya Rufiji, aliandika jinsi abiria wanawake walivyofungiwa chumba cha giza upande wa tezi kwa safari nzima. Chombo kilikuwa mahali pa kazi, na aliyesema kwamba ataleta watoto wanyonyao wakue humo angeonekana amerogwa. Siutaji utaratibu huo kwa kuusifu, kwani ulimwachia mama mzigo wote wa nyumba kwa miezi mingi. Ninautaja ili ionekane kwamba familia ya mashuani inajaribu kitu ambacho hata watu wa bahari hawakukizoea: kuunganisha kazi ya baharia na kazi ya mzazi katika mwili mmoja, siku moja.

Watoto wenyewe, cha ajabu, mara nyingi si tatizo. Wanaogopewa zaidi kutumbukia, na hapo sheria ni kali bila huruma: sitahani ni jaketi la kuokolea na mkanda uliofungwa kwenye kamba ya chombo, usiku hakuna kutoka bila mtu mzima kuwa macho, na wavu huzungushwa kando zote mpaka mashua ionekane kama goli. Mdogo hutapika siku mbili tatu za mwanzo kisha huzoea upesi kuliko baba yake. Hujifunza kwamba mkono mmoja ni wa kazi na mwingine ni wa kujishikilia. Akifika miaka 10 anaendesha kihori cha mpira kwenda pwani kununua mkate, anasoma ramani ya bahari, na anajua kumwita mtu kwenye chaneli ya 16 ya redio.

Shule ndiyo yenye kazi. Familia za Marekani kwa miaka mingi zilitegemea shule ya Calvert ya Baltimore, iliyoanza kutuma masomo kwa posta mwaka 1906. Wafaransa wana taasisi yao ya serikali ya elimu ya mbali, CNED, ambayo mizizi yake ni ya 1939, na New Zealand ina shule yake ya posta tangu 1922. Zamani bahasha ya mitihani ilingojwa kwenye posta ya kisiwa kwa wiki nzima; leo intaneti ya setilaiti inashuka hadi katikati ya bahari, na kwa familia zilizo nayo jambo hilo limebadilisha mengi kuliko poliesta ilivyobadilisha matanga. Bado mwalimu ni mama au baba yule yule aliyekesha zamu. Kusoma herufi ndogo chombo kikiyumba huleta kichefuchefu, basi siku za bahari chafu darasa hufungwa na kufidiwa bandarini, ambako watoto wanaona wenzao wakiruka majini huku wao wanazidisha sehemu. Mzazi akiwa mwalimu, mtoto hana mtu wa kumlalamikia mwalimu. Familia zilizofaulu, nyingi hupunguza masaa na kuongeza ukali: asubuhi tu, saa mbili au tatu, kila siku, Jumapili pekee ikiachwa.

Marafiki ni upungufu usiotibika. Mashua zenye watoto hutafutana redioni, hubadilisha njia ili ziandamane, na watoto hufanya urafiki wa haraka kwa sababu wanajua utakatika. Kijana akifika miaka 14 hivi, safari nyingi huisha hapo. Yeye anataka timu ya mpira na wenzake wa rika, na ana haki. Wachache huenda upande wa pili kabisa. Laura Dekker, Mholanzi, alizaliwa Whangarei, New Zealand, mwaka 1995, wazazi wake wakiwa katikati ya safari ya kuzunguka dunia, na utotoni aliishi mashuani. Alipokuwa na miaka 13 alitangaza kwamba atazunguka dunia peke yake, na mwaka 2009 mahakama ya Uholanzi ikamweka chini ya uangalizi wa ustawi wa watoto. Alishinda mwaka uliofuata, akaondoka Agosti 2010 kwa mashua iitwayo Guppy, na akamaliza Sint Maarten tarehe 21 Januari 2012 akiwa na miaka 16. Baada ya hapo aliipeleka Guppy hadi Whangarei.

Ugonjwa ndio unaowanyima wazazi usingizi hata wakiwa nje ya zamu. Aprili 2014, mashua ya Kimarekani iitwayo Rebel Heart ilikuwa maili 900 hivi kutoka Meksiko, ndani mna wazazi na mabinti wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa mwaka 1. Yule mdogo aliugua, homa na vipele, dawa zikashindwa, na chombo chenyewe kilikuwa na hitilafu. Wakaita msaada. Wanajeshi waokoaji waliruka kwa miavuli baharini, meli ya kivita ya Marekani ikaja kuwachukua hadi San Diego, na mashua, ambayo ndiyo ilikuwa nyumba yao na kila walichokuwa nacho, ikazamishwa. Nchi nzima ikabishana. Wengine walisema wazazi wale washtakiwe. Wengine wakauliza mbona hakuna anayeshtakiwa kwa kumpakia mtoto kwenye gari barabara kuu. Mimi nadhani pande zote mbili zilipiga kelele kuliko zilivyofikiri. Swali la haki ni jembamba: je, mlikuwa na dawa, mafunzo na chombo cha kuwabeba siku 10 bila daktari? Wapo wanaoweza kujibu ndiyo. Wengi hawajajiuliza.

Familia ya Robertson haikujiuliza sana. Dougal Robertson alikuwa ofisa wa meli za biashara aliyegeuka mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Staffordshire, Uingereza; mkewe Lyn alikuwa muuguzi. Waliuza shamba, wakanunua Lucette, merikebu ya mbao ya mwaka 1922 yenye urefu wa futi 43, na Januari 1971 wakaondoka Falmouth pamoja na binti yao Anne, mwana mkubwa Douglas na mapacha Neil na Sandy. Anne alishuka Bahamas. Mwanafunzi mmoja kijana aliungana nao Panama. Tarehe 15 Juni 1972, maili 200 hivi magharibi ya Galapagos, nyangumi wauaji waliigonga Lucette nayo ikazama kwa dakika chache.

Habari hiyo husimuliwa kama hadithi ya ujasiri. Mimi huisoma kama hadithi ya nyumba. Kwa dakika zile chache, Lyn alichukua kapu lake la ushoni, na vilivyokuwa ndani yake viligeuka karakana yao yote. Waliokoa pia mfuko wa vitunguu, machungwa na ndimu. Boti la mpira la kuokolea lilivuja na kuoza, wakaliacha baada ya siku 17, wakabanana watu sita kwenye kihori cha faiba cha futi 9 kilichoitwa Ednamair. Walikunywa mvua na damu ya kasa, wakaanika nyama ya kasa. Maji machafu yaliyokusanyika chini ya boti yasingenyweka bila kutapisha, basi Lyn, kwa ujuzi wake wa hospitali, akawatilia kwa njia ya haja kubwa ili mwili uyafyonze. Dougal alijua nyota, mikondo na mvua zilipo. Lyn alijua miili. Hakuna kati yao aliyetosha peke yake. Baada ya siku 38, tarehe 23 Julai, meli ya Wajapani ya kuvua jodari, Toka Maru II, iliwaona. Wote sita walikuwa hai.

Kwa hiyo ninapoona mashua ambamo baba anajua injini na tanga, mama anajua jiko na watoto, na hakuna aliyegusa kazi ya mwenziwe, ninaona hatari kubwa kuliko nyangumi. Baba akianguka majini saa 8 usiku, atakayemrudia ni mama. Kama hajui kutua tanga na kuwasha injini peke yake gizani, mgawanyo ule uliorahisisha maisha bandarini umekwisha kumwua mtu. Familia makini hubadilishana kwa zamu: wiki hii mama nahodha, baba mpishi, na hakuna kunong'onezana maelekezo.

Hapa kwetu familia hizi zinajulikana zaidi Kilifi, ambako mlango wa bahari una maji marefu yaliyotulia, na Mtwapa na Tanga kwa kiasi. Zinakuja kwa sababu moja ya hali ya hewa: vimbunga vinavyosumbua Madagaska na Morisi huwa havifiki karibu na ikweta, ingawa kimbunga Hidaya, kilichoifikia Tanzania Mei 2024, kilitukumbusha kwamba Mafia na Lindi hawana hati ya kinga. Anayetia nanga Kilifi lazima aelewe maji ya kwetu. Bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3, basi penye kina cha mita 5 wakati wa kupwa patakuwa na 8 maji yakijaa, na mnyororo wa nanga huhesabiwa kwa kina kikubwa, mara tano yake au zaidi. Asiyejua atazinduka usiku yuko mlangoni kwa jirani.

Kulikuwa na miaka ambapo mashua hizo zilikuwa haba. Aprili 2009 mashua ya Kifaransa Tanit, iliyokuwa ikielekea Zanzibar na mtoto wa miaka 3 ndani, ilitekwa na maharamia wa Kisomali. Makomandoo wa Ufaransa walimwokoa mtoto na mama yake, lakini baba aliuawa katika operesheni ile. Februari 2011 ikatekwa familia ya Kidenmaki, wazazi na watoto watatu, wakashikiliwa hadi Septemba. Familia nyingi zikaacha kabisa upande huu na kuzunguka kupitia Afrika Kusini. Makampuni ya meli yaliiondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha yao ya eneo la hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023, ingawa uharamia haujatoweka.

Tukifika kwenye hela, wapenzi wa maisha haya husema upepo ni bure. Ni kweli, na ndicho kitu pekee. Kauli ya kawaida kati yao ni kutenga kila mwaka sehemu moja ya kumi ya bei ya chombo kwa matengenezo. Matanga huliwa na jua, betri hufa, na kila mwaka au miwili chombo hupandishwa nchi kavu kupakwa rangi ya kuzuia viumbe vinavyong'ang'ania chini yake. Wazee wetu walifanya kazi hiyo hiyo ufukweni wakati wa bamvua, kwa shahamu na chokaa. Isitoshe, kuna pasipoti. Mwenye pasipoti ya Ujerumani anatia nanga Tahiti na kupigiwa muhuri. Mtanzania au Mkenya mwenye mashua ile ile, ujuzi ule ule na watoto wale wale angelazimika kuomba visa ya Ufaransa miezi kabla, kutoka kwenye ofisi iliyo nchi kavu, huku chombo chake kiko baharini na upepo hauna kalenda ya ubalozi. Uhuru wa bahari unaoimbwa sana una uraia wake.

Kisha yabaki yale ya watu wawili. Sebule, jiko, darasa, karakana na ofisi ni sehemu ile ile moja. Nchi kavu mtu akikasirika huenda kibarazani, au kwa jirani, au hulala kwa dada yake siku mbili. Mashuani hasira hukaa mezani pamoja na chakula. Waliodumu miaka mingi wanasimulia taratibu ndogo ndogo ambazo zingechekesha mjini: kila mtoto ana kisanduku ambacho hakuna mwingine anayekifungua, aliyevaa spika za masikio haongeleshwi, kitanda cha mbele ni mahali pa kulilia na hakuna anayefuata, na maamuzi ya kuondoka au kutoondoka bandarini yanahitaji ndiyo mbili, hapana moja inatosha kusimamisha safari. Hilo la mwisho limeokoa ndoa na milingoti. Ndoa ya Dougal na Lyn Robertson ilistahimili siku 38 za kuelea baharini, kisha haikustahimili kurudi nyumbani. Waliachana, Lyn akarudi kwenye ukulima, na Dougal akaenda kuishi mashuani katika Mediterania.

Msomaji ambaye sura hii haijamkatisha tamaa, namshauri hivi. Usiuze shamba mwaka wa kwanza, likodishe. Azima au kodi mashua kwa mwezi mmoja wa kusi, si wiki moja ya matlai, nenda na familia yako nzima, funga bomba lolote linalozidi lita 4 kwa kila mtu, na gawaneni zamu za usiku, mpishi akibadilika kila juma na msukani vivyo hivyo. Mwezi ukiisha, waulize watoto mmoja mmoja, kisha muulize mwenzio mkiwa nchi kavu na mmelala usiku mzima. Mmoja akisema hapana, rudisheni mashua kwa mwenyewe.